Mkongo wa Baharini na Mustakabali wa Intaneti

Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei, 2024, wananchi wengi wa Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji, Malawi na nchi nyingine jirani waligundua kwamba simu zao, ingawa zilionyesha alama kamili ya mtandao, hazikuweza kufungua ukurasa wowote. Minara ya simu ilikuwa imesimama kama kawaida, umeme ulikuwapo, na kompyuta hazikuwa na kasoro yoyote. Jambo lililotokea lilikuwa mbali na macho ya watu. Mikongo miwili iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, yaani Seacom na EASSy, ilikuwa imekatika karibu na pwani ya Afrika ya Kusini, kilometa 45 hivi kaskazini ya Durban.

Tukio hilo lilifunua jambo ambalo watumiaji wengi wa simu hawalifikirii. Kwa kuwa simu ya mkononi haina waya, ni rahisi kudhani kwamba intaneti iko hewani. Kwa hakika mawimbi ya redio huubeba ujumbe kwa kilometa chache tu, kutoka mkononi mwa mtu hadi kwenye mnara ulio karibu. Kutoka hapo, karibu safari yote hufanyika ardhini na chini ya maji, ndani ya nyuzi za kioo. Zaidi ya asilimia 95 ya data inayosafiri baina ya mabara hupita katika mikongo ya baharini. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua intaneti inaelekea wapi hana budi kuanza kwa kuufahamu mkongo: umetengenezwaje, hufanyaje kazi, hukatikaje, na taifa linaweza kufanya nini ili kukatika kwa uzi mmoja kusisimamishe shughuli za mamilioni ya watu.

Kutoka pepo za kaskazi hadi waya wa shaba

Hapo kale habari kati ya pwani ya Afrika Mashariki na Bara Arabu au Bara Hindi zilisafiri kwa jahazi. Kaskazi ilipovuma, vyombo vilishuka kuja Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Ilipovuma kusi, vilirudi. Mfanyabiashara wa Unguja aliyepeleka barua Maskati aliweza kungoja miezi mingi kabla ya kupata jibu, kwa sababu barua haikuweza kwenda kinyume cha upepo.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 1879, wakati wa utawala wa Sayyid Barghash, kampuni ya Kiingereza ilipolaza waya wa telegrafu chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Waya huo ulikuwa wa shaba. Ili maji ya chumvi yasiufikie, ulifunikwa kwa gutapacha, ambao ni utomvu mgumu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, kisha ukavikwa deraya ya nyuzi za chuma. Ulipeleka alama za herufi, moja baada ya nyingine, kwa mwendo ambao leo ungeonekana wa kobe. Hata hivyo umbo lake halikupitwa na wakati. Mkongo wa leo nao una sehemu zile zile tatu: kiini kinachobeba ujumbe, kifuniko kinachozuia maji, na deraya inayozuia majeraha.

Katika karne ya 20 mawasiliano ya mbali ya Afrika Mashariki yalitegemea pia redio na setilaiti. Kituo cha setilaiti cha Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kilifunguliwa mwaka 1970. Intaneti ilipoingia katika nchi hizi, ilifika kwa njia hiyo ya setilaiti, nayo ilikuwa ghali na nzito. Pwani ya mashariki ya Afrika ilikuwa miongoni mwa pwani kubwa za mwisho duniani kufikiwa na mkongo wa nyuzi za kioo. Seacom ilizinduliwa mwezi Julai 2009. Mwaka huo huo mkongo wa TEAMS uliiunganisha Mombasa na Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu. EASSy, ambao unaanzia Afrika ya Kusini na kupita Maputo, Dar es Salaam na Mombasa hadi Port Sudan, ulifuata mwaka 2010.

Nuru ndani ya uzi wa kioo

Katika mkongo wa kisasa ujumbe hausafirishwi kwa umeme bali kwa nuru. Kila herufi, kila sauti na kila picha hugeuzwa kuwa mfululizo wa alama mbili tu, sifuri na moja, na alama hizo hupelekwa kwa mimweko ya leza inayobadilika mara mabilioni mengi katika sekunde moja.

Uzi wenyewe ni mwembamba mno. Unene wake ni sehemu ya nane tu ya milimita moja, na kiini kinachopitisha nuru ni chembamba zaidi. Kiini hicho kimezungukwa na gamba la kioo cha aina iliyotofautiana nacho kidogo, ambalo ndani yake nuru husafiri kwa kasi zaidi kuliko katika kiini. Nuru inayokwenda sambamba na uzi inapofika kwenye mpaka wa kiini na gamba kwa pembe iliyolala, haiwezi kutoka. Yote hurudishwa ndani. Hivyo huendelea mbele ikiwa imefungiwa, hata pale uzi unapopinda.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa gharama ndogo. Chupa ya plastiki isiyo na rangi hutobolewa tundu dogo ubavuni, karibu na kitako, kisha hujazwa maji. Katika chumba chenye giza, tochi yenye mwanga mkali huelekezwa kwenye tundu kutoka upande wa pili wa chupa. Maji yanapochuruzika kwa mkunjo kuelekea kwenye beseni, nuru hufuata mkunjo wa maji, na mahali maji yanapoangukia hung'aa. Daniel Colladon wa Geneva aliieleza ajabu hii katika makala ya mwaka 1842. Wanafunzi wakiulizwa kwa nini nuru haikwenda moja kwa moja, watakuwa wamekwisha kuingia katika somo la mkongo.

Ingawa kanuni hiyo ilijulikana zamani, ilichukua zaidi ya miaka 120 kuitumia kwa mawasiliano ya mbali, kwa sababu kioo hakikuwa safi. Katika kioo bora cha miaka ya 1960, nuru ikisafiri mita 20 tu, ilibaki asilimia 1. Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, pamoja na mwenzake George Hockham, walieleza kwamba tatizo halikuwa kioo chenyewe bali uchafu uliomo ndani yake, hasa chembe za metali. Miaka minne baadaye, mwaka 1970, watafiti wa kampuni ya Corning ya Marekani walitengeneza uzi ambao asilimia 1 ya nuru ilibaki baada ya kilometa 1 nzima. Katika nyuzi za leo, asilimia hiyo hiyo 1 hubaki baada ya kilometa 100. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009, mwaka ule ule Seacom na TEAMS zilipoanza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki.

Hata hivyo safari ya kuvuka bahari ni ya maelfu ya kilometa. Kwa sababu hiyo, baada ya kila kilometa 60 hadi 100, mkongo huwa na kifaa cha kukuza nuru. Ndani yake mna kipande cha uzi wa kioo kilichotiwa kiasi kidogo cha elementi iitwayo erbiamu. Erbiamu ikichochewa na leza ndogo, hutoa nuru inayofanana kabisa na ile inayopita, nayo nuru dhaifu hupata nguvu upya. Vifaa hivi vyahitaji umeme, na chini ya bahari hakuna nguzo za umeme. Basi mkongo wenyewe hubeba bomba jembamba la shaba linalopitisha umeme wa volti zipatazo 10,000 kutoka vituo vya pwani.

Msomaji anayetarajia kuona bomba kubwa atashangaa. Katika kina kirefu, ambako hakuna nanga wala nyavu, mkongo mzima una unene wa sentimeta 2 hivi, sawa na mpira wa kumwagilia bustani. Karibu na pwani ndipo huvikwa deraya ya nyuzi za chuma, tabaka moja au mawili, na aghalabu hufukiwa mchangani kwa plau maalumu inayovutwa na meli.

Ujumbe unaokatwa vipande

Uzi wa kioo peke yake haufanyi intaneti. Msingi wa pili ni namna ujumbe unavyogawanywa. Katika simu za zamani, watu wawili waliozungumza walishika njia moja yao wenyewe mpaka mazungumzo yaishe, hata kama walikaa kimya. Katika miaka ya 1960 Paul Baran huko Marekani na Donald Davies huko Uingereza, kila mmoja kwa wakati wake, walipendekeza utaratibu mwingine. Ujumbe ukatwe katika vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Kila pakiti iandikwe anwani ya mpelekewa na namba ya zamu yake. Na kila pakiti ipite njia iliyo wazi wakati huo. Zikifika, hupangwa upya kwa namba zake. Iliyopotea huombwa tena.

Mwanafunzi anaweza kulifananisha na kitabu cha kurasa 200 kinachopelekwa kutoka Mwanza hadi Mtwara kwa kuweka kila ukurasa katika bahasha yake. Bahasha moja hupita Dodoma, nyingine hupita Arusha. Barabara moja ikifungwa kwa mafuriko, bahasha zinazofuata hupelekwa kwa nyingine, na mpokeaji hupata kitabu kamili.

Mtandao mmoja uliofuata utaratibu huo, ARPANET, ulipeleka ujumbe wake wa kwanza tarehe 29 Oktoba, 1969, kati ya vyuo vya California. Kanuni za kuunganisha mitandao mingi kuwa mmoja ziliandikwa na Vinton Cerf na Robert Kahn mwaka 1974, na tarehe 1 Januari, 1983, ARPANET yote ikahamia kwenye kanuni hizo. Hadi leo simu iliyoko sokoni Kariakoo hufuata kanuni za ukoo huo huo.

Utaratibu wa pakiti ndio uliozaa sifa kwamba intaneti haiwezi kukatika. Sifa hiyo ni ya kweli kwa sharti moja: kwamba njia nyingine ipo. Pakiti haiwezi kuchagua barabara ambayo haikujengwa.

Mkongo unavyokatika na unavyoungwa

Duniani kote mikongo ya baharini hupata hitilafu zipatazo 150 hadi 200 kila mwaka. Hitilafu nyingi hazitokani na papa wala na maadui, bali na shughuli za kawaida za binadamu. Nyavu za kukokota za meli za uvuvi na nanga za meli za mizigo husababisha takriban hitilafu 7 hadi 8 katika kila 10. Sababu nyingine ni matetemeko ya ardhi na maporomoko ya mchanga chini ya bahari. Mwezi Agosti 2023, kwa mfano, poromoko katika korongo la baharini lililo mbele ya mdomo wa Mto Kongo lilikata mikongo miwili ya Afrika Magharibi.

Mahali pa hitilafu hutafutwa kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifanya. Katika kioo nuru husafiri kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Fundi aliyeko pwani hutuma mmweko katika uzi. Pale uzi ulipokatika, sehemu ya nuru hurudi kama mwangwi. Tuseme mwangwi umerudi baada ya sehemu 5 za sekunde iliyogawanywa mara 10,000. Nuru imesafiri kilometa 100 kwenda na kurudi. Basi hitilafu iko kilometa 50 kutoka pwani. Mbali zaidi, ambako vifaa vya kukuza nuru vimeingia katikati, hutumika vipimo vingine vyenye msingi huo huo.

Baada ya hapo ni kazi ya mabaharia. Meli ya ukarabati hufika mahali hapo, huteremsha kulabu nzito, na kuikokota sakafuni mwa bahari mpaka inase mkongo. Ncha moja hupandishwa, hupimwa na kufungwa kwenye boya. Kisha ncha ya pili hutafutwa. Ndani ya chumba safi cha meli, mafundi huunga nyuzi za kioo, moja baada ya nyingine, kwa kuziyeyusha kwa cheche ya umeme. Kipande kipya cha mkongo huongezwa, kwa kuwa ncha mbili zilizopandishwa juu haziwezi kukutana bila nyongeza. Hatimaye mkongo hurudishwa chini taratibu. Bahari ikichafuka, kazi yote husimama.

Meli za namna hii si nyingi. Iliyotumwa baada ya tukio la Mei 2024 ni Léon Thévenin, meli iliyoundwa mwaka 1983 ambayo kituo chake ni Cape Town. Ukarabati ulikamilika mwishoni mwa mwezi huo na mwanzoni mwa Juni. Wakati huo wote makampuni ya simu yalilazimika kupitisha data katika njia nyingine, kwa kiasi zilivyoweza kubeba.

Njia mbili zilizokuwa moja

Swali linalofaa kuulizwa ni hili: ikiwa kila mkongo una ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini, kwa nini data haikugeuka kaskazini baada ya kusini kukatika? Jibu ni kwamba kaskazini nako kulikuwa na kasoro. Mwezi Februari 2024 mikongo mitatu, Seacom ikiwamo, ilikatika katika Bahari ya Sham, ambayo huitwa pia Bahari Nyekundu. Inaaminiwa kwamba ilikatwa na nanga ya meli Rubymar, iliyokuwa ikielea bila nahodha baada ya kupigwa kombora. Kwa sababu ya vita, ukarabati haukuweza kufanyika upesi. Hivyo, kwa zaidi ya miezi miwili, data nyingi ya Afrika Mashariki iliyozoea kupita kaskazini ilikuwa imehamishiwa kusini, na pale kusini palipokatika hapakubaki nafasi ya kutosha. Kenya iliathirika pia, lakini ilikuwa na TEAMS, ambao haupiti Bahari ya Sham wala pwani ya Afrika ya Kusini.

Jambo kama hilo lilikuwa limetokea miaka 12 kabla. Mwezi Februari 2012 mikongo mitatu ilikatika katika Bahari ya Sham. Data ikahamishiwa kwenye TEAMS. Siku kumi hivi baadaye meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandarini Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, na TEAMS nao ukakatika.

Kutokana na matukio hayo mawili, ni dhahiri kwamba idadi ya mikongo siyo kipimo kamili cha usalama. Mikongo mitano inayopita mlango mmoja mwembamba wa bahari ni kama mikongo mitano yenye shingo moja. Waswahili husema njia mbili zilimshinda fisi, lakini kwa mhandisi wa mawasiliano njia iliyo moja ndiyo inayomshinda. Anachohitaji ni njia zisizofanana, yaani zisizoweza kuharibiwa na nanga moja, vita moja au poromoko moja.

Ndiyo maana mikongo ya nchi kavu ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wa Tanzania, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, unafika mipakani na kukutana na mitandao ya Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi, Uganda na Kenya. Nchi isiyo na pwani, kama Uganda au Rwanda, inapoweza kufikia Mombasa na Dar es Salaam kwa pamoja, huwa na njia mbili za kutokea. Na nchi yenye pwani huweza kuazima bandari ya jirani siku mkongo wake unapoumia.

Fimbo ya mbali

Kuna dawa nyingine isiyohitaji meli wala plau, nayo ni kuhifadhi karibu kile kinachotumiwa karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 barua-pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya mtaa wa pili, ikiwa ofisi hizo zilihudumiwa na makampuni tofauti, ilipanda kwenye setilaiti, ikafika Ulaya au Marekani, na kurudi Nairobi kwa setilaiti. Makampuni hayo hayakuwa na mahali pa kukutania nyumbani. Mwezi Novemba 2000 yalifungua kituo cha kubadilishana data kinachoitwa KIXP. Baada ya majuma machache tu kilifungwa, kwa kuwa shirika la simu lililokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya nje lililalamika. Hoja iliyotolewa kukitetea ilikuwa nyepesi kueleweka: data inayotoka Nairobi na kuishia Nairobi si mawasiliano ya nje. Kituo kilipata leseni, na mapema mwaka 2002 kikafanya kazi tena. Dar es Salaam ilipata kituo chake, TIX, mwaka 2004.

Faida ya kituo cha namna hii ni zaidi ya kuokoa fedha. Data inayobadilishwa nchini haiguswi na nanga iliyoko Durban. Lakini kituo husaidia pale tu ambapo kompyuta zinazohifadhi huduma, yaani seva, nazo zipo nchini. Mfano mwema ni M-Pesa. Huduma hii ilianza Kenya mwaka 2007, lakini kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ulaya. Mtu wa Kisumu alipomtumia fedha mtu wa Kakamega, hesabu yao ilipigwa ng'ambo. Mwaka 2015 seva hizo zilihamishwa kutoka Ujerumani kuja Kenya. Methali yasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndivyo ilivyo kwa rekodi ya hospitali, orodha ya mitihani au akaunti ya benki iliyohifadhiwa ng'ambo pekee: siku ya haja yaweza kuwa salama kabisa huko iliko, na isifikike.

Shule nazo zina nafasi katika jambo hili. Kompyuta moja ndogo inaweza kuhifadhi vitabu, masomo ya picha, na hata Wikipedia ya Kiswahili nzima kwa kutumia programu ya bure ya Kiwix. Wanafunzi huvisoma kwa mtandao wa ndani wa shule bila kutumia intaneti ya nje. Shule yenye maktaba ya namna hiyo haikosi somo kwa sababu mkongo umekatika.

Je, setilaiti zitachukua nafasi ya mkongo?

Wapo wanaosema kwamba mikongo itakwisha kwa sababu ya setilaiti mpya. Jambo hili lafaa lipimwe kwa hesabu. Setilaiti za mawasiliano za zamani hukaa kilometa 36,000 hivi juu ya ikweta. Swali likipanda na kushuka, na jibu nalo likipanda na kushuka, mawimbi husafiri kilometa 144,000. Hata kwa mwendo wa kilometa 300,000 kwa sekunde, huchukua karibu nusu sekunde. Katika mkongo, swali na jibu kwa umbali wa kilometa 10,000 huchukua sehemu 1 ya kumi ya sekunde. Setilaiti mpya za Starlink huzunguka chini zaidi, kilometa 550 hivi kutoka ardhini, na kwa hiyo ucheleweshaji wake ni mdogo. Kenya ilianza kupata huduma hiyo mwaka 2023. Kwa kijiji kilicho mbali na mkongo, au kwa hospitali inayohitaji njia ya akiba, faida yake ni kubwa.

Kasoro yake iko kwenye wingi wa data. Watu wote walio chini ya setilaiti moja hugawana mawimbi yale yale ya redio. Mkongo, kwa upande wake, hupitisha rangi nyingi za nuru katika uzi mmoja, kila rangi ikibeba ujumbe wake, na huwa na nyuzi nyingi. Mkongo wa 2Africa, uliotangazwa mwaka 2020, ambao miongoni mwa vituo vyake vya kutua ni Mombasa na Dar es Salaam, umekusudiwa kubeba hadi terabiti 180 kwa sekunde katika sehemu zake muhimu. Ikiwa filamu moja huhitaji megabiti 5 kwa sekunde, kiasi hicho chatosha watazamaji milioni 36 kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, setilaiti yenyewe mara nyingi huishia kwenye kituo cha ardhini kilichounganishwa na mkongo. Setilaiti basi ni msaidizi wa mkongo, wala si mrithi wake.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na maelezo haya, mustakabali wa intaneti katika Afrika Mashariki hautaamuliwa na uzuri wa simu zinazouzwa madukani. Utategemea zaidi mambo matatu. La kwanza ni kuwa na njia nyingi zisizofanana, za baharini, za nchi kavu na za angani. La pili ni kuhifadhi nyumbani huduma zinazowahusu wananchi wa nyumbani, na kuzibadilishana nyumbani. La tatu ni ujuzi. Bahari ya Hindi inazungukwa na vijana wengi wajuao kuogelea, kuvua na kuendesha vyombo. Lakini waungaji wa nyuzi za kioo, wapimaji wa sakafu ya bahari na wahandisi wa meli za ukarabati bado ni haba, na meli yenyewe hutoka mbali.

Ujuzi huo hauanzi chuo kikuu. Unaanza katika somo la nuru, mwanafunzi anapopima pembe kwenye kipande cha kioo. Katika jiografia, anapochora ramani ya mlango wa Bab el Mandeb na kuhesabu mikongo inayopita humo. Na katika hisabati, anapogawanya umbali kwa mwendo. Darasa linaweza kujiwekea zoezi hili: kuchora njia zote ambazo pakiti inaweza kupita kutoka wilaya yao hadi Ulaya, kisha kufuta moja baada ya nyingine, na kuangalia ni baada ya ngapi njia zote zimekwisha. Wilaya ambayo ramani yake hufutika kwa mara moja au mbili ndiyo inayopaswa kushughulikiwa kwanza, kabla meli nyingine haijatia nanga mahali pasipostahili.